Birika la Mapadri na Kitanda cha Mama

Mama yangu alikubali kuhama Hamriya, hapa Maskati, kwa sharti moja tu, na kwa sharti lenyewe wa kulaumiwa ni mapadri wa Kireno.

Tulikuwa tumemsihi miaka. Alikuwa akikaa ghorofa ya tatu katika jengo la zamani, lifti yake ilikufa kabla mimi sijaolewa na hakuna aliyeifanyia matanga. Magoti yake yamekwisha. Akipanda na mfuko wake wa dengu husimama kila penye kona ya ngazi, akajidai anasalimia majirani, na majirani wenyewe wengi walishahama, anasalimia milango. Daktari alisema ngazi zile zitamuua. Nikasema mimi, akasema kaka yangu, akasema na wifi yangu kwa upole wake, mama akatujibu sote jibu moja: "Bora nife nikipanda kuliko nife nikishuka." Ukimwuliza ana maana gani, anakutazama kama wewe ndiye mwenye kasoro.

Ndipo kaka akapata kiwanja Al Amerat, kule nyuma ya milima ambako nusu ya ukoo wetu ushahamia na kila asubuhi wanarudi mjini kwenye foleni ya magari. Akaja na ramani ya nyumba, akaitandaza juu ya meza ya mama, akamwonesha chumba chake: cha chini, hakuna ngazi hata moja, choo humo humo, dirisha kubwa. Mama akavaa miwani, akaitazama ramani, akaigeuza, akaitazama tena.

"Nzuri," akasema. "Na birika liko wapi?"

"Birika litakuwa jikoni, mama, pamoja na vikombe," kaka akasema, akidhani amechekesha.

"Wee mtoto! Birika la maji. La chini ya ua. Miaka hamsini nnakuhadithieni ile nyumba nyekundu, kumbe nnauhadithia ukuta?"

Nyumba nyekundu tuliijua sote, tumelelewa nayo kama watoto wengine wanavyolelewa na zimwi. Mama kazaliwa Kisiwa cha Msumbiji, kusini kabisa ya pwani yetu, na baba yake alikuwa fundi chokaa. Kazi yake kubwa ya kila mwaka, mvua zikishapita, ilikuwa kuipaka upya nyumba moja kubwa ya mawe iliyosimama mbele ya bahari. Chokaa iliyochanganywa na ngeu, ukuta unatoka mwekundu mpaka macho yanauma. Aliyekuwa akimshikia ndoo ni mama, mtoto wa miaka saba au minane. Wakati ule nyumba ilikuwa ya gavana, lakini watu wazima wa kisiwani waliiita nyumba ya mapadri, na mama anaiita hivyo mpaka leo.

Kaka hakuwa akiamini. Tangu mdogo akimwuliza, "Kama alikaa gavana, vipi iwe ya mapadri?" Na mama akimjibu, "Nenda kawaulize mapadri."

Mimi nasomesha historia katika skuli ya sekondari ya wasichana, kwa hivyo kesi ikaletwa kwangu. Nikatafuta vitabu, nikasoma, na kwa hasara ya kaka yangu nikakuta mama yuko sahihi. Nyumba ile ilijengwa na Wajesuiti mwanzoni mwa karne ya kumi na saba, pale ambapo Wareno walikuwa wametangulia kujenga mnara wao wa kwanza. Ilikuwa chuo. Maana yake vijana walikaa humo wakafundishwa Kilatini huku jasho likiwachuruzika, na kanisa dogo likabandikwa ubavuni na mlango wake wenyewe. Ndani ya kanisa mna mimbari iliyochongwa majoka na malaika, na mkono ulioyachonga majoka yale bila shaka haukutoka Ureno. Zaidi ya miaka mia baadaye mfalme wao akagombana na Wajesuiti, akawafukuza katika nchi zake zote. Mapadri wakatiwa merikebuni, gavana akahamia chuoni hata mashuka hayajapoa. Ikawa kasri. Kisha mji mkuu ukahamishwa, vyeo vya magavana waliobaki vikapungua, na uhuru ulipokuja ikawa makumbusho. Ukuta ni ule ule, kila mpangaji anaupaka rangi na kudai ni wake.

Nilipomsomea mama haya yote alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mtaani kwake.

"Na birika? Kitabu chako kimesema nini juu ya birika?"

Kitabu changu kilisema kisiwa kile hakina maji. Ni jiwe la matumbawe, jembamba, ukichimba unapata chumvi. Ndiyo maana watu wa kule waliojenga kwa mawe hawakuweka paa la mgongo, waliweka sakafu ya juu iliyo bapa, ikainamishwa kidogo kuelekea ndani, na milizamu ikashusha maji ya mvua ukutani mpaka kwenye birika lililochimbwa chini ya ua wa katikati. Humo maji yalikaa gizani mwaka mzima, na mdomo wa birika ulifunikwa kwa kifuniko cha mbao.

"Nyumba yote ile ni kikombe," mama akasema. "Sasa umefahamu?"

Nilifahamu. Kaka hakutaka kufahamu. "Mama, hapa ni Maskati. Mvua inakuja mara moja mbili kwa mwaka, inabomoa barabara, inakwenda zake. Birika la nini?"

"Ikija iikute nyumba ina kikombe."

"Wareno sisi tuliwafukuza Maskati, tukawafukuza na Mombasa. Leo wewe unataka kuwarudisha Al Amerat kwa mlango wa uani?"

"Ngome zao mbili pale bandarini mbona hamkuzibomoa?" mama akamwambia. "Kila mgeni akija mnampeleka kuzipiga picha. Mawe hayana dhambi, mwanangu, dhambi wanazo wenye kukaa ndani."

Nikajaribu kuwapatanisha. Nikatafuta kwenye simu, nikaipata filamu iliyopigwa na mtalii mmoja aliyezuru makumbusho yale. Tukakaa sote sebuleni Hamriya, mama pua yake imegusa kioo. Mtalii akaingia mlango mkubwa, mama akashusha pumzi. Akapanda ngazi za mawe, mama akasema, "Taratibu, pana utelezi hapo." Akafika ukumbini, kwenye viti vyeusi vya Kigoa vilivyochongwa vimesimama safu nzima bila mtu wa kuvikalia, akavipitia kimoja kimoja. Halafu akaanza kutazama mataa ya kuning'inia.

"Pinduka kushoto," mama akamwambia. "Kushoto! Ua uko kushoto, mwana wa watu, utatazama mataa mpaka lini? Lo! Ametoka kwao Ulaya kuja kutazama mataa!"

Mtalii akapinduka kushoto. Mama akanishika mkono. Tukauona mlango, tukauona mwangaza wa ua, tukaona hatua moja ya sakafu ya mawe, na hapo yule bwana akaigeuza kamera akajipiga sura yake mwenyewe, akatabasamu, filamu ikaisha.

Sijapata kumsikia mama akimtukana mtu aliye mbali namna ile.

"Umeona?" kaka akasema. "Birika halipo."

"Hakutazama chini. Watu wa siku hizi hamtazami chini."

Mwisho kaka akashika kichwa akasema, "Haya mama, utapata birika lako, inshallah."

"Inshallah ya kweli, au inshallah ya wizarani kwenu?"

"Ya kweli, wallahi."

Basi nyumba ikaanza kupanda, na ua wa ndani ukawekwa katikati, vyumba vinauzunguka, majlis ya kupokelea wageni wa kiume upande mmoja na jiko upande wa pili. Mama akataka kupelekwa kuona. Nikampeleka, akashuka garini na mkongojo wake, akakuta mafundi wameweka milizamu kama wanavyoweka nyumba zote za hapa, imetoa midomo nje, maji yamwagike barabarani. Msimamizi wao, bwana mmoja wa Kerala, Uhindini, mwenye subira nyingi, akaja kumsalimu kwa Kiarabu chake cha vipande vipande.

"Mvua ya Mungu unaitupa barabarani?" mama akamwuliza kwa Kiswahili. Yule bwana hakufahamu neno, lakini mkongojo aliufahamu, maana ulikuwa ukionesha juu, ukionesha ndani, juu, ndani. Mama hakurudi garini mpaka mlizamu wa kwanza ulipong'olewa ukageuzwa uelekee uani. Jua lilikuwa kali hata mbuzi wamejificha. "Mama kabir," mama mkubwa, msimamizi akaniambia tukiondoka, akapiga saluti.

Lakini birika lenyewe, la chini ya ardhi, mama hakuweza kulishukia alitazame. Kaka alimwambia limeshachimbwa, limeshafunikwa, na marumaru zimeshatandikwa juu. Siku nyumba ilipokwisha alimshika mkono akampeleka katikati ya ua. Pale palikuwa na mdomo wa kisima wa duara, wa mawe, na kifuniko cha mbao, mzuri hata nami nikamwonea fahari kaka yangu. Mama akakifunua kifuniko, akainama, akatia uso ndani. Alikaa hivyo kitambo. Tulimsikia akinong'ona. Kisha akafunika.

"Zuri," akasema, akaenda kutazama jiko.

Wiki ile ile akahamia. Alikuja na nguo zake, na marufaa yake ya kuwekea msahafu, na mbuzi wa kukunia nazi aliyetoka naye Unguja, ingawa wifi yangu ana mashine ya kazi hiyo. Kila kitu kilikuja ila kitanda. "Kitanda kizito," alisema, "nitakifuata baadaye."

Hapo lazima nieleze. Mama ana kitanda cha samadari, cha mninga, na vioo vilivyochorwa maua kichwani. Kilimtangulia yeye kwenda kwa mume. Walipohama Unguja kuja huku kilifunguliwa vipande vipande kikatiwa melini, na baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema alisafirisha kitanda na mkewe akafuata kama mzigo wa ziada. Kwetu mwanamke kwake ni palipo kitanda chake. Shangazi yetu mmoja alipogombana na mumewe hakusema neno, alituma gari kwenda kuchukua kitanda, na mji mzima ukajua talaka inakuja. Kwa hivyo mama aliposema kitanda atakifuata baadaye, mimi na kaka tulitazamana. Alikuwa hajahama. Alikuwa amekuja kututembelea.

Kaka akamnunulia kitanda kipya, kipana, kichwa chake cha mahameli. Mama akakilalia kwa adabu. "Kizuri, kama cha hoteli," akawa akisema kila asubuhi, na fleti ya Hamriya hakuirudisha, ati ana vikorokoro bado hajavipanga. Kila Ijumaa akitaka apelekwe "kwangu" kufuta vumbi. Kaka alikuwa akilisikia lile neno "kwangu" na chakula kinamkwama. Nyumba nzima ameijenga kwa ajili ya magoti ya mtu mmoja, na huyo mtu nguo zake bado zimo ndani ya sanduku la safari.

"Anataka nini zaidi?" akaniuliza. "Ua nimempa. Milizamu nimemgeuzia. Birika nimempa."

"Mwulize."

"Wewe ndiye mwanamke, mwulize wewe."

Hakuna aliyeuliza.

Mvua ikaja Ijumaa moja mchana. Kaka alikuwa na wageni kutoka kazini, mabwana wanne wazito wamekaa majlis juu ya zulia jipya, sinia ya biriani katikati. Milimani kukawa kweusi. Mama akatoka na kiti chake, akakiweka uani chini ya kivuli cha baraza, akakaa kama mtu aliyekata tikiti ya sinema.

Ikaanza kwa matone ya kuhesabika, kisha ikamwagika. Milizamu yote ikafungua koo kwa pamoja, kila mmoja unatema uani, na sisi wanawake tukapiga vigelegele, maana Maskati mvua ni arusi. Ilikuwa raha. Baada ya muda viatu vya wifi yangu vikaanza kuelea. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Msichana wa kazi, Mganda, mwepesi wa kuchanganua mambo, akasimama na fagio la kukaushia maji, akatazama kulia na kushoto.

"Jaja," akamwambia mama, kwao ndiyo bibi, "hii maji inaenda wapi?"

"Muulize mwenye nyumba."

Maji yenyewe yakajibu, yakapita chini ya mlango wa majlis. Tukasikia sauti za wanaume. Mlango ukafunguliwa, mabwana wazito wakatoka mmoja mmoja wamekunja dishdasha zao mpaka magotini, wa mwisho ameibeba sinia ya biriani juu ya kichwa, Mungu ambariki. Mimi nikakivamia kile kisima, maana nilidhani kifuniko kimekwama. Nikakifunua.

Ndani mlikuwa na saruji. Kina chake kiganja kimoja, basi. Na juu ya saruji wametandika vigae vya buluu, vizuri sana, vya kunyweshea ndege.

Niliyomwambia kaka yangu pale siyaandiki, wageni walikuwa wanasikia, na mmoja wao akatoa simu akajidai anasoma ujumbe. Kaka amesimama katikati ya maji, kofia imelowa, mdomo wazi. "Mvua yenyewe hainyeshi!" alikuwa akirudia huku inamnyeshea. "Na mbu je? Na watoto wakitumbukia? Nilisema nimfurahishe tu!"

Mama alikuwa akicheka. Miguu yake imo majini, mtandio umemwanguka, anacheka mpaka anashika kifua.

"Njia ya mwongo fupi," akasema alipoweza kusema.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Tangu siku ile ya kwanza. Niliwaita, hawakuitika."

"Nani hawakuitika? Mama, kwa nini hukusema?"

"Nimesema miaka hamsini, nani kanisikia? Nikaona niiachie mvua iseme. Nyinyi wasomi, pengine yeye mtamsikiliza."

Wageni walipoondoka na mazulia yakaanikwa ukutani, ndipo alipotuhadithia. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Alituhadithia huku anakausha miguu yake kwa kanga, na wala hakututazama.

Baba yake akiwa juu ya ngazi anapaka ngeu, yeye alikuwa hana kazi mpaka ndoo iishe, akalala kifudifudi uani, kichwa ndani ya mdomo wa birika. Watu wazima walikuwa wamemwambia kwamba zamani pale palikuwa na chuo, na wanafunzi wa mapadri wamebaki chini wanadurusu. Yeye alikuwa akisoma chuoni pia, chuo chetu cha Kurani, ameshahifadhi Alhamdu. Akawasomea. Na chini kule gizani wakamfuatisha, neno kwa neno, kwa sauti nzito nzuri, mpaka mwisho. Na alipofika mwisho ikaja "Amin", ya mtu mzima. Akaruka akamkimbilia baba yake. "Baba, baba, wamesilimu wote!" Baba yake akacheka mpaka ngazi ikatikisika na ngeu ikamwagika ukutani. Ile Amin ilikuwa ya baba mwenyewe, ameiitikia kutoka juu kama mwislamu yeyote anavyoitikia, na birika likaichukua likairudisha. Basi ikawa ndio mchezo wao. Kila siku kazi ikianza, yeye anawasomea wanafunzi wa mapadri, na baba anaitikia kutoka juu ya ngazi.

"Alikufa kabla ya mvua za mwaka uliofuata," mama akasema. "Ami yangu akanichukua Lindi, kutoka Lindi nikapelekwa Unguja. Sina picha yake. Kaburi lake sijui hata liko upande gani. Sauti yake niliiacha mle ndani. Nilichotaka mie ni shimo la kuitikia, basi. Na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kwa nini."

Kaka akafungua mdomo. Mama akamwinulia mkono.

"Usiape," akamwambia.

Asubuhi alikuwa ameshavaa baibui, mfuko wake mlangoni. "Ziara imekwisha," akasema. "Nirudisheni kwangu." Na akarudi Hamriya, ghorofa ya tatu, akisalimia milango.

Nilimkasirikia kaka mwezi mzima, lakini lazima niseme kweli, mwezi ule ule alizing'oa marumaru. Mke wake akalia kwa ajili ya zile marumaru, hakusikia. Msimamizi wa Kerala akaitwa tena, akaoneshwa mahali pa kuchimba katikati ya nyumba iliyokwisha kujengwa, akauliza kwa ishara kama bwana ni mzima. Udongo ukatolewa kwa karai kupitia mlango wa mbele. Jioni moja kaka akanijia nyumbani, mikono ina malengelenge, mtu ambaye tangu atoke chuo kikuu hajapata kufungua kitabu kisichokuwa cha benki, akaniuliza mapadri walilifanyaje birika lao kwa ndani.

"Walilipiga lipu ya chokaa, ikasuguliwa mpaka iteleze," nikamwambia.

"Na juu? Wamelifunika kwa kuba au kwa sakafu bapa?"

"Yategemea. Kwa nini?"

"Kwa sababu sauti inarudi vizuri kwenye kuba," akasema. "Nimejaribu kwenye msikiti wetu, imamu akanitoa."

Nikamsamehe nusu yake pale pale.

Mimi nikawa napanda Hamriya kumpelekea mama dengu zake. Alikuwa akiniuliza mambo kama hayamhusu, macho yako kwenye ungo.

"Anachimba?"

"Anachimba."

"Mwenyewe?"

"Na mafundi. Lakini na yeye anashika sururu."

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Vyema," mama akasema, akaendelea kupeta.

Mvua iliyofuata ilitangazwa siku mbili kabla, na mimi nikamchukua mama mapema, maana wadi, mito ya mvua, zikishuka barabara ya mlimani hufungwa. Nilidhani atakataa. Nilimkuta ameshakaa kitako mlangoni, amejifunga kanga mbili, na mkononi ana bonge la makumbi ya nazi.

"Ya nini hayo?"

"Endesha gari."

Ya nini, tuliona tulipofika. Kaka alikuwa ameacha tundu la pembeni katika kila mlizamu, kama nilivyomwonesha kitabuni, na mama akamwamuru apande ngazi aizibe milizamu kwa makumbi, ili maji yatoke pembeni yaende bustanini. Mvua ikaanza. Maji mekundu ya vumbi la mwaka mzima yakateremka kutoka sakafu ya juu, yakapita pembeni, yakapotea kwenye mchanga.

"Mama!" kaka akapiga kelele kutoka juu ya ngazi. "Mwaka mzima watu wanaomba mvua, imekuja, sisi tunaimwaga!"

"Mvua ya kwanza hainywiwi. Hiyo ya kuoshea nyumba. Subiri."

Akasubiri. Alikuwa amelowa chapachapa, msichana wa Kiganda amemshikia ngazi, wifi yangu anamwombea dua dirishani. Mama alikuwa akitazama rangi ya maji na hakuwa na haraka hata kidogo. Yalipotoka meupe akapiga kofi moja.

"Fungua!"

Kaka akazibua mlizamu mmoja baada ya mwingine, akihamisha ngazi, na chini ya miguu yetu tukaanza kusikia. Kwanza kama mtu anamimina ndoo, kisha mngurumo, mpaka vigae vikatetemeka. Uani hapakubaki hata dimbwi. Wifi yangu akatoka na viatu vyake vipya, akatembea juu ya vigae vilivyolowa kwa furaha tu.

Mvua ikapungua ikawa manyunyu. Mama akakiendea kile kisima, akanikataza nisimshike, akapiga magoti. Magoti yale! Nilitaka kulia nilivyoona anavyoshuka. Akafunua kifuniko, akatia kichwa ndani, akaanza Alhamdu.

Birika likamwitikia. Polepole, nyuma yake kwa neno moja, sauti nene inayotoka mbali, kana kwamba kweli wamo, wamekaa chini na mbao zao wanafuatisha. Hata msichana, ambaye ni Mkristo, akainamisha kichwa. Mama akasoma mpaka mwisho, akavuta pumzi.

Na kaka, bado yuko juu ya ngazi, makumbi ya mwisho mkononi, hakuwa akifikiri lolote, naapa, alikuwa mtu amechoka tu na amesikia Alhamdu imekwisha.

"Amin," akasema.

Kuba likaichukua, likairudisha kutoka chini kwa sauti ya mwanamume.

Mama hakuinua kichwa. Mabega yake yalitikisika na mimi sikujua kama ni kicheko au ni kilio, nadhani na yeye hakujua. Kisha akaninyooshea mkono nimwinue, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, akamtazama mwanawe juu ya ngazi.

"Haya, shuka," akamwambia. "Kaniletee kitanda changu."